Mke Mwenza wa Kikombeni

Jumatano, siku ya tisa baada ya Idi ya kuchinja, nilimpoteza mama yangu. Alifia nyumbani kwake Nkoma, Mbale, asubuhi, akiwa amekwisha kuswali, na kabla jua halijachwa tulikuwa tumemzika. Sitafuti huruma ya mtu. Mama alikuwa ameshiba umri, aliumwa siku chache, na hakuacha ugomvi na jirani yeyote. Naandika kwa sababu baada ya hitima tulifungua sanduku lake la bati, mimi na Shamim, binti ya mdogo wangu wa kiume, na katikati ya nguo, kimeviringishwa kwenye taulo kuukuu, tukakuta kikombe. Nilikijua kwa uzito wake kabla sijakiona.

Ni kikombe kikubwa cha Kizungu, cheupe, chenye mkono mnene. Ubavuni kina picha ya zamani sana, ya mistari myeusi mitupu, kama kitu kilichochongwa kwenye ubao halafu kikagongwa kama muhuri. Ni bibi kizee mwenye pua iliyopinda, gauni refu jeusi, na kofia ndefu yenye ncha. Mkononi ameshika ufagio wenye mti mrefu, na paka amekaa miguuni pake. Katika nyufa ndogondogo za kikombe umeingia wekundu uliofifia, kwa hiyo bibi huyo anaonekana kama mtu aliyesimama karibu na moto.

Shamim amesoma mpaka chuo kikuu. Alikigeuza kikombe mkononi, akaguna, kisha akacheka, tena tukiwa bado nyumba ya msiba.

"Shangazi, kumbe marehemu alikuwa anakunywea chai kikombe cha mchawi?"

"Mchawi gani?"

"Huyu hapa. Wachawi wa Kizungu ndivyo wanavyochorwa. Kofia ya ncha, paka, na huo ufagio ndio usafiri wao. Wanaupanda, wanaruka."

Nilikitazama tena. Nimeishi na mwanamke yule tangu sijang'oka jino la kwanza, na hakuna siku hata moja iliyonijia fikra kwamba ni mchawi. Wachawi waliokuwa wakisemwa kwetu hawakuwa na kofia, na ufagio kwetu ni kitu cha kufagilia. Nilimwambia Shamim, "Wasomi mna mambo. Huyu alikuwa mke mwenza wa mama yangu." Akadhani natania. Nilikuwa nasema kweli, na nikaona bora niiandike kweli yenyewe, yote, pamoja na sehemu yangu ambayo si nzuri.

Tulikuwa tunakaa Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi, upande wa kuteremkia Masese. Upepo ukigeuka tulinusa samaki wakikaushwa, na usipogeuka tulinusa mafuta ya mashine. Baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha nguo. Kabla mimi sijapata akili, aliwahi kumwendesha fundi mkuu wa Kizungu, na Wazungu wale walipofunga safari ya kurudi kwao, mke wa fundi alimpa baba zawadi ya kuagana. Alikuwa amekifunga kikombe kwenye gazeti na utepe. Baba alikileta nyumbani amekikumbatia kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya Mama.

"Nimeoa," alisema. "Nimekuletea mke mwenzio."

Mama alikitazama. "Mbona mzee hivi?"

"Mzee lakini ana ufagio wake. Kuanzia leo wewe pumzika."

"Na hiyo aliyovaa kichwani ni nini?"

"Kawa. Hataki inzi waingie kwenye akili."

Sisi ni Wanubi. Wanawake wetu husuka kawa za kufunikia chakula, zenye ncha juu, nyekundu, kijani na manjano, na hakuna nyumba ya Mnubi isiyo na kawa ukutani. Kofia ile ilikuwa kawa tupu. Hata mimi niliiona hivyo. Basi mzaha ukawa mzaha wa nyumba. Mama akikosa chumvi kwenye mchuzi, aliyepika alikuwa mke mwenza. Baba akichelewa kurudi, Mama alimwambia, "Nenda kamwamshe mwenzangu akufungulie mlango." Mimi nilikuwa na umri wa kuamini kila kitu, na niliamini. Nilijua kwamba wenzangu wana mama wawili au watatu wa damu na nyama, na sisi tuna mmoja wa nyama na mmoja wa kikombe.

Halafu vita vikafika. Wakubwa waliona vita. Mimi niliona kiwanda kimenyamaza na baba anashinda nyumbani na viatu vyake. Askari wa serikali iliyokuwa inaanguka walikuwa wanakimbilia kaskazini kwa chochote chenye magurudumu. Walikuja asubuhi, wakataka lori, na kwa kuwa lori halijiendeshi, wakamtaka na dereva. Baba alimaliza kunywa chai yake. Alimwambia Mama, "Nawafikisha, narudi." Mama akasema, "Usiendeshe ukiwa na usingizi." Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho, na nayaandika kama yalivyokuwa, kwa sababu nimesikia watu wakiwatengenezea wazazi wao maneno mazuri zaidi.

Walipokuja wakombozi, mji ulitugeukia. Baba hakuwahi kushika bunduki, lakini watu waliona Wanubi wote ni watu wa serikali ile, na kulikuwa na watu wetu waliofanya ya kuchukiwa, sitakataa. Majirani waliokuwa wakiomba chumvi kwetu walichukua milango. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, akafunga kibunda cha nguo na kikombe katikati, tukapanda gari la mizigo kwenda Mbale kwa mama yake baba.

Baada ya Iganga tulisimamishwa. Askari wa wakombozi alikuwa kijana, Kiswahili chake kirefu na laini kuliko chetu. Pembeni yake alisimama mtu wa pale mjini, kazi yake kuonyesha kidole.

"Afande, huyo mama Mnubi," alisema. "Bwana yake alienda na wale."

"Mumeo yuko wapi, mama?" askari aliuliza.

"Sijui, afande. Alichukuliwa na lori la kazi."

Askari alifungua kibunda kwa mtutu wa bunduki. Kikombe kikabingirika. Alikiokota, akakizungusha.

"Na huyu ni nani?"

Mama akasema, "Mke mwenzangu, afande."

"Mke mwenzio?"

"Ndiyo, afande. Hata vita vimeshindwa kututenganisha."

Yule askari alicheka mpaka akashika kofia yake. "Kabeba na ufagio! Huyu anafanya kazi kuliko wewe."

"Ndiyo maana sikumwacha nyuma."

"Haya, pandeni. Wake wenza wote." Na yule mtu wa kidole akabaki na kidole chake.

Nabuyonga, huko Mbale, tulipokewa na haboba. Haboba ni bibi kwa lugha yetu, na huyu wangu alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye vidole vilivyobadilika rangi. Alisuka kawa na sinia za ukindu tangu alfajiri hadi macho yakatae. Uani palikuwa na sufuria kubwa ya rangi; humo alichemsha ukindu na unga wa rangi na kiganja cha chumvi, akigeuza kwa fimbo, kisha akauanika kwenye kamba. Unga wenyewe ulikuwa adimu miaka ile. Aliuleta Mama Nekesa, mfanyabiashara Mkenya aliyepanga chumba cha mbele, aliyevuka mpaka wa Malaba na sabuni, chumvi na rangi vikiwa vimefungwa tumboni kama mimba.

"Haboba, leo nimejifungua nyekundu na kijani," alisema akiingia. "Mapacha!"

"Na njano?"

"Njano imekataa kutoka. Itazaliwa wiki ijayo."

Mama alikaanga mandazi, akayauza kwenye kituo cha malori. Kila dereva aliyesimama aliulizwa swali lile lile: umetoka upande gani, na umeona lori la rangi ya bluu? Walizoea. Wengine walimjibu kabla hajauliza. Jioni alirudi, akakaa, akanywa chai kwa kikombe chake, akaniambia, "Baba yako atarudi." Aliniambia hivyo kila siku, bila kuruka hata moja.

Mwaka ulipokaribia kwisha alikuja Ramadhani, mpakiaji aliyekuwa nyuma ya lori la baba siku ile. Alikuwa amekonda, na alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Alisema aliliona lori huko kaskazini, mbele ya daraja moja, limepinduka, limeungua.

"Ulimwona mume wangu akifa?" Mama aliuliza.

"Shemeji, nimeliona lori."

"Nakuuliza mtu, unanijibu lori."

Mama akasimama, akamwekea mandazi kwenye karatasi, akamwambia asante kwa kuja. Akaenda uani kukosha vyombo vilivyokuwa safi.

Tangu siku hiyo nyumba iligawanyika. Haboba alisema imetosha, mtoto wake amekufa, mke akae eda. Mama alisema hakai. Haboba alisema ni dhambi kutembea barabarani na bangili kama mke wa mtu aliye hai. Mama alijibu, "Nikikaa eda leo, mama, nitakuwa nimemuua mimi. Waliomchukua hawajamuua, ila mimi." Mama Nekesa, Mkristo, alichungulia mlangoni akasema, "Mimi mambo yenu siyajui, lakini mwacheni mtu apumue," na wote wawili wakamwambia arudi chumbani kwake.

Mimi sikujua eda ni nini. Nilijua tu kwamba Mama akiikaa, baba hatarudi. Nilimwuliza Haboba akiwa anasuka. Alifikiri, akitafuta mfano ambao mtoto ataushika.

"Ni mwanamke aliyefiwa na mumewe," alisema. "Anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Anavua rangi zote. Hakuna ua kwenye nguo, hakuna bangili, hakuna wanja wala manukato. Anajifunika. Hana wa kuzungumza naye." Macho yake yakaangukia kikombe kilichokuwa kikikauka juu ya kichanja. "Kama huyo. Huyo amekaa eda. Tazama, ana rangi gani?"

Nilikichukua kikombe nikakitazama kwa jua. Ilikuwa kweli. Katika nyumba ile, ambamo hata fimbo ya kukorogea ilikuwa nyekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, mwanamke yule peke yake hakuwa na rangi. Gauni tupu. Kichwa kimefunikwa. Wa kukaa naye ni paka tu. Tulikuwa tumemwita mke mwenza kwa kucheka, kumbe alikuja kwetu akiwa tayari mjane, na Mama amemgusa midomo asubuhi na jioni miaka yote. Nikapanga mambo kichwani kama mtoto anavyopanga: eda imetoka kwenye kikombe, imeingia kinywani mwa Mama, imemfuata baba barabarani. Mwenye makosa alikuwa huyu hapa. Na Haboba mwenyewe alikuwa amenipa dawa bila kujua. Mtu wa eda amevua rangi. Basi akirudishiwa rangi, eda imekwisha.

Nilingoja siku ambayo Haboba alikwenda kwenye harusi ya jirani. Sufuria ilikuwa mekoni na maji, ukindu umefungwa mafungu tayari kwa kuchemshwa. Nikawasha moto. Nilichukua unga mwekundu wa Mama Nekesa, si kijiko, wote, nikaumimina, na chumvi, kama nilivyoona ikifanywa. Nikakitumbukiza kikombe. Nilikigeuza kwa fimbo, kikawa kinagonga chuma, kongo, kongo, na mimi nasema maneno niliyoyaunga mwenyewe: toka eda, vaa, toka eda, vaa. Mvuke ulinuka chumvi na kitu kikali kama dawa ya mbu. Nilikiacha mpaka mikono yangu ikachoka.

Kilipotoka kilikuwa chekundu chote, na nikaruka kwa furaha. Nikakimwagia maji baridi nikione vizuri. Kikalia tik, sauti ndogo sana, na wekundu ukateleza wote ukaenda na maji. Mwanamke alibaki kama alivyokuwa, mweusi juu ya weupe, isipokuwa nyufa mpya, nyembamba kama nywele, ambazo rangi ilikuwa imeingia.

Mama alinikuta nimekaa chini karibu na sufuria, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Kwanza nilidanganya. Nilisema Mama Nekesa ndiye aliyeniambia nichemshe. Mama Nekesa alikuwa chumbani kwake na alisikia.

"Mimi?" alitoka akiwa amejifunga kanga kifuani. "Mimi nivuke mpaka na rangi tumboni, polisi wananipapasa, halafu nikuambie uipike kama ugali? Wee mtoto, Mungu wako anakuona!"

Mama hakupaza sauti. "Sema kweli."

Nikasema. Nilisema yote: eda, rangi, midomo, barabara. Nilisema, "Nilikuwa namtoa eda. Akitoka, baba atarudi."

"Nani amekuambia baba atarudi?"

"Wewe."

"Lini?"

"Kila siku."

Mama alichutama mbele yangu. Alichukua majivu na maji, akaanza kunisugua mikono, polepole, kidole kwa kidole, na wekundu haukutoka, akaendelea kusugua. Sikupigwa. Ningependa ningepigwa, kwa maana uso wake siku ile sikuujua. Jioni hakusema maneno aliyoyasema kila siku. Niliyangoja, hayakuja.

Kesho yake alimtuma Mama Nekesa sokoni, mahali Ramadhani alipokuwa akipakia magunia, amwite. Ramadhani alikuja na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Mama alimpa kiti cha kweli, chenye mgongo. Haboba alikaa mkekani na ukindu wake. Mimi sikufukuzwa, nadhani alitaka nisikie.

"Safari ile nilikuuliza vibaya," Mama alisema. "Nilikuuliza ili ushindwe kujibu. Leo nakuuliza ili ujibu. Mume wangu alikuwa wapi?"

Ramadhani aliangalia mikono yake. "Shemeji, nilimtoa mimi. Alikuwa bado na roho, lakini si ya kufika mbali. Nilimzika mimi na mzee mmoja wa pale, kwa jembe la kuazima. Tulimlaza vizuri, tukamwelekeza kibla. Nilikuja hapa kusema hivyo. Nikafungua mdomo, likatoka lori."

"Alisema kitu?"

"Alisema amechoka kuendesha."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabiwa kitu anachokijua. Kisha akamgeukia Haboba akasema, "Mama, nimekubali. Naingia eda leo."

Hapo ndipo nilipomwona haboba yangu kwa mara ya kwanza. Mwanamke aliyekuwa akidai eda kwa miezi, aliyetuambia kila mlo kwamba mwanawe amekufa, aliacha ukindu ukamwagika. Alimkamata Mama mkono, penye bangili, kana kwamba anazizuia zisitoke.

"Tungoje mpaka Ijumaa," alisema. "Ijumaa ni siku njema. Ni siku tatu tu. Niachie mwanangu siku tatu."

Mama alikaa naye mkekani. "Sawa, mama. Tungoje."

Nilipokuwa mtu mzima nilimsikia sheikh akisema kwamba hesabu ya eda huanza siku mume alipokufa, si siku habari ilipofika, kwa hiyo ya Mama ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Huenda. Wanawake wale wawili hawakumwuliza mtu. Walihesabu kuanzia siku waliyokubali wote, na sijawahi kuona kwamba walikosea.

Siku tatu zile Haboba alipika. Alipika vyakula alivyovipenda baba, akavifunika kwa kawa nzuri kuliko zote, tukala bila kusema ni vya nani. Mama alivaa nguo zake za maua, akasuka nywele, akapaka wanja. Mama Nekesa alileta sukari na hakusema imezaliwa wapi.

Ijumaa, watu walipokuwa wanatoka msikitini, Mama alivua bangili moja moja akazitia kwenye kopo. Alioga, akavaa shuka nyeupe isiyo na ua, akaingia chumba cha ndani. Haboba alibeba mkeka wake na ukindu wake akamfuata, akashusha pazia.

Mandazi yalikuwa yamekaangwa tangu asubuhi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuyapeleka. Nikajitwisha beseni, nikaenda kwenye kituo cha malori. Dereva wa kwanza aliinama dirishani.

"Mama yako yuko wapi leo, haulizi lori la bluu?"

"Baba amekufa," nikamwambia. "Mama amekaa eda."

Alizima injini, akashuka.